Mrejesho: kitone cha shaba kwenye kilengeo cha bastola

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuweka kitone cha shaba, maana kilengeo cha mbele cha bastola yangu (nina kibali), yaani kile kinundu cha kulengea kilicho juu ya mdomo wa mtutu, ni cheusi tii, jioni hakionekani. Kimekubali! Fundi mwenye leseni hapa Dodoma alikivua kilengeo kwanza, akatoboa tundu dogo upande wa jicho, akapachika waya wa shaba ya manjano na kuulehemu.

Kisha akapiga tupa na msasa laini, uso wa kitone ukawa bapa. Hapa msikilizeni sana: kitone cha mviringo humeta upande jua liliko, ukifuata ule mng'ao risasi inakwenda upande wa pili. Na jua letu mnalijua. Kimo hakikuguswa, maana kilengeo cha mbele kikirefuka, risasi hupiga chini. Shaba ikifubaa nasugua kwa kitambaa. Ahsanteni mno.