Uliachana vipi na uhusiano uliokuwa unakumaliza? Tupeane uzoefu

Natangulia mimi. Miaka minne na mtu aliyejua mshahara wangu umeingia kabla sijajua mwenyewe. "Mpenzi, nitumie kidogo, Ijumaa narudisha." Hiyo Ijumaa naingoja mpaka leo. Siku moja niko ndani ya matatu Jogoo Road, makanga anadai shilingi 50, kumbe Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imejaa. Mtu mzima, mwenye kazi, nikashushwa Makadara! Nikatembea hadi Donholm, viatu mkononi. Nilipofika nikafuta namba yake. Naijua kwa kichwa, lakini nilifuta.

Kumkosa yeye hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa Jumapili saa kumi jioni, hujui ujiweke wapi. Sasa huenda msitu wa Karura kutembea peke yangu. Wengine je?

Kaka wa Rongai: Wangu hakuwahi kuninyanyulia mkono. Alikuwa ananicheka mbele ya watu: mshahara wangu, kimo changu, hata Kiingereza changu. Nilihama Kasarani nikaacha sofa, friji na kodi ya mwezi mzima. Miezi miwili nalala kwenye godoro chini, na usingizi ulikuwa mtamu ajabu. Mamangu alishangaa kitu kimoja tu: "Hata meko hukubeba?"

Mama Wawili: Wangu alinipiga, na hapo, dadangu, kufuta namba hakutoshi. Nilitoa kwanza kitambulisho changu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kidogo kidogo, ndani ya mfuko wa sukuma wiki, nikaweka kwa jirani. Kisha nikapiga 1195, namba ya msaada kwa wanaodhulumiwa nyumbani, ni bure, wakanielekeza. Kortini nilipewa amri ya ulinzi, kwa ile sheria ya 2015 ya vurugu za nyumbani. Shangazi yangu alikuwa akiniambia nivumilie, ati ndoa ndivyo zilivyo. Januari 2024 tulipoandamana mjini kupinga mauaji ya wanawake, nikamwona amesimama kando ya barabara na bango. Hatukuongea. Alinishika tu mkono tukatembea.

Nasoma Tu: Mimi bado niko ndani. Hiyo ya mfuko wa sukuma nimeiandika. Jumamosi nikitoka sokoni nitapitia Githurai niangalie bedsita, chumba kimoja cha kupanga. Kuna anayejua kama upande wa Githurai 44 maji huwa yanatoka kila siku?