Boma la ng'ombe Simanjiro: simba wasiingie, wala wasiuawe

Mwananyika: Wakuu, nipo Dar, nataka kununua wavu wa fensi mtaa wa Gerezani niupeleke Simanjiro, Manyara. Boma lina kipenyo cha mita 40. Miiba haitoshi, na simba akiua ng'ombe hulipiziwa kwa sumu kwenye mzoga, hapo hata tai wanaoula wanakufa. Nipangeje?

FundiBoma: Mzunguko ni kama mita 126, ongeza kidogo za kupishanisha ncha. Nguzo za mbao kavu acha, mchwa watazila. Kata vigingi vibichi vya oltemwai (jina la Kimaasai la mti), mita 2 na nusu, uvichimbie nusu mita mvua zinapoanza, kimoja kila mita. Vitachipua, matawi yaongeze kimo. Ukivipanda kiangazi vinakauka. Upindo wa chini wa wavu uzike sentimita 30, la sivyo fisi anafukua.

Malisho: Mlango ndio unaosahaulika! Ukiziba kwa matawi, ng'ombe wakinusa simba wanataharuki, wanauvunja wenyewe na kutawanyika gizani. Weka fremu ya chuma yenye wavu uleule, komeo juu na chini. Tena nyumbu wakizaa, Februari na Machi, ng'ombe wasichungwe wanapozalia: ndama wa nyumbu hueneza virusi vinavyoua ng'ombe, na tiba hakuna.