Baba mdogo kazibwa tundu la tumbo: asidi imekwisha?

Tororo_Mjini: Ndugu zangu, naomba ushauri. Baba mdogo alikuwa na vidonda vya tumbo. Kimoja kikatoboka, akapasuliwa usiku uleule, tunashukuru Mungu. Sasa yuko nyumbani, na majirani wanamwambia aliyepasuliwa tumbo halitoi tena asidi, kwa hiyo aache omeprazoli, dawa yake ya kupunguza asidi. Ameshaulizia pombe yake ya malwa, na diklofenaki, vidonge vyake vya maumivu ya mgongo. Ni kweli?

NesiMstaafu: Pole kwa kuuguza, mwanangu. Inategemea alifanyiwa nini. Siku hizi kidonda kikitoboka, mara nyingi tundu huzibwa kwa kipande cha utando wa mafuta wa tumboni, basi. Seli za asidi haziguswi, zinaendelea na kazi kama jana. Zamani, kabla ya dawa kali za kupunguza asidi, walikata neva ya vagasi inayoliamuru tumbo litoe asidi, au waliondoa sehemu ya chini ya tumbo yenye homoni ya gastrini, nayo huchochea asidi. Vyote viwili vikifanywa pamoja, asidi hushuka sana, lakini hata hapo haikauki. Soma karatasi aliyopewa akiruhusiwa.

Mwana_wa_Jinja: Mama yangu ndiye alikatwa hivyo zamani. Akinywa chai ya sukari nyingi, jasho linamtoka na moyo unamwenda mbio, kwa sababu chakula kinashuka kwenye utumbo haraka mno. Anakula kidogo kidogo. Baadaye damu ikapungua, maana tumbo lililokatwa hushindwa kusaidia mwili kupata vitamini B12 na madini ya chuma. Huchomwa sindano ya B12.

Tororo_Mjini: Nimesoma. Wameandika tundu limezibwa tu.

NesiMstaafu: Basi asidi yake ipo yote! Omeprazoli aendelee mpaka daktari aseme. Uliza kama alipimwa H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, ambao madaktari Warren na Marshall wa Australia waliwatambua mwaka 1982. Wakiwepo, anapewa antibayotiki, amalize dozi, kisha apimwe tena. Diklofenaki asiguse kabisa, hizo zenyewe hutoboa tumbo. Mgongo atafutiwe dawa nyingine. Malwa na sigara aache. Akipata choo cheusi kama lami, akitapika damu, au tumbo likikaza ghafla, msingoje asubuhi.

Tororo_Mjini: Asante sana, mama. Diklofenaki nimezichukua, zilikuwa chini ya mto. Kliniki ni Jumatatu, nitamsindikiza mwenyewe niulize hiyo H. pylori.

Mwana_wa_Jinja: Nenda na ile karatasi.