MJADALA: Jirani kafunga mlango, sisi wa nje tuna haki ya kuchungulia chungu chake?

Wakuu habari za jioni, niko Sakina hapa mvua imekatisha shughuli zote acha niwaletee mada. Miaka ya nyuma nilipata kibarua cha wiki mbili, nakaa Namanga pembeni ya njia ya panya na daftari, bodaboda ikipita na mzigo naandika ni nini, gunia ngapi, inaenda au inarudi, basi. Utafiti wa biashara ya mpakani, halali kabisa na barua ninayo. Siku ya nne wakanibeba. Nimelala kituoni naulizwa nimetumwa na nani, afande anapekua daftari kama vile atakuta ramani ya kambi ya jeshi kumbe mle ndani ni mahindi 3, maharage 1, nyanya kreti 2.

Sasa juzi kijiweni Kaloleni ukazuka ubishi wa Korea Kaskazini. Ile nchi tangu miaka ya 1960 haichapishi takwimu za uchumi za kueleweka, kwahiyo walio nje wanatafuta kwa njia zao. Benki Kuu ya Korea Kusini toka 1991 inatoa makadirio ya uchumi wa jirani yake kila mwaka. Wengine wanasoma vitabu vya forodha vya China, maana zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya Korea Kaskazini ni na China, alichouza mmoja mwenzie kanunua. Wengine wanaangalia picha za setilaiti za usiku, Korea Kusini inawaka kama sherehe alafu juu yake giza tupu na kinukta kimoja cha Pyongyang. Na kuna Daily NK, wako Seoul, wao wana watu kule ndani wanaowapa bei ya mchele na bei ya dola sokoni Pyongyang, Sinuiju na Hyesan. Mzee mmoja pale kijiweni akasema hao wa mwisho ni majasusi, wakikamatwa wasilie. Mi nikakumbuka daftari langu nikanyamaza. Nyie mnasemaje?

Dalali Mirerani
Mkuu pole na kasheshe ila huyo mzee hajui biashara. Sisi huku tanzanite inatoka sehemu moja tu duniani, hapa hapa, tangu ilipogunduliwa 1967. Kwahiyo nchi yoyote ile ikiandika imeuza tanzanite nje hilo jiwe limetoka kwetu tu, hakuna pengine, ndo maana viongozi wetu wamelalamika miaka na miaka kuhusu mawe yanayoonekana kwenye hesabu za Kenya na India wakati kwetu hayapo, mpaka 2018 ukajengwa ukuta wa kilometa 24 na nusu. Sasa serikali yetu iliposoma vitabu vya wenzetu ilikuwa inafanya ujasusi? Ilikuwa inatafuta jiwe lake. Ukificha hesabu yako, yangu itakusema.

Ila na mi niongeze, hiyo njia ina tundu. China toka 2014 waliacha kuonyesha mafuta ghafi wanayopeleka Korea Kaskazini, kwenye kitabu ikawa sifuri. We unaamini mafuta yaliacha kwenda? Aliyeandika kitabu naye ana mambo yake.

Ticha Mstaafu, Moshi
Vijana, kutojua kuna gharama yake pia. 1972 Wasovieti mavuno yaliwaharibikia, wakanyamaza kimya, wakaingia Marekani kampuni moja baada ya nyingine wakanunua ngano, karibu robo ya mavuno ya nchi ile, na serikali ya Marekani inawapa ruzuku juu yake bila kujua ukubwa wa shida ya mnunuzi. Walipokwisha kufunga mikataba ndo bei ikapanda, mkate ukapanda, anayelipa ni mama wa kawaida ambaye hajui hata Moscow iko wapi. Baada ya hapo NASA na wizara yao ya kilimo wakaanza kupima mashamba ya ngano ya Wasovieti kwa setilaiti ya Landsat. Mi hapo sioni jinai, shamba liko wazi juani.

Lakini msidhani hao wakubwa wanajua sana. 1976 CIA walibadilisha kadirio lao la sehemu ya uchumi ambayo Wasovieti wanaipeleka jeshini, kutoka asilimia 6 hadi 8 ikawa 11 hadi 13. Jeshi halikuongezeka mara mbili kwa usiku mmoja, wao ndo walikuwa wamekosea bei. Hata hao Benki Kuu ya Korea Kusini wanachukua tani za makaa na mpunga walizokadiria alafu wanazidisha kwa bei za Korea Kusini. Ni kama upime maisha ya mtu wa Same kwa bei za Njiro!

Mama Mchele, Mbuyuni
Nyie kaka zangu mnaongelea setilaiti na vitabu, mbona huyo anayepiga simu mnamruka? Mi nauza mchele wa Chekereni, bei ya Arusha naijua kila siku kabla sijafungua duka, nampigia shoga angu wa soko la Kilombero kule Arusha ananiambia, hakuna anayetufunga. Kule Korea Kaskazini mtu anapanda kilimani usiku karibu na mto wa mpakani na simu yenye laini ya China, akidakwa ni kambi ya kazi. Kwa ajili ya bei ya kilo moja! Alafu mwingine yuko ofisini na kiyoyozi anachora grafu. Huyo wa kilimani analipwa shingapi, na akipotea nani anamtafuta?

Dalali Mirerani
Mama hapo umenikamata. Ila hizo bei zina kazi yake. Novemba 2009 serikali yao ilibadilisha pesa yao ya won, won 100 za zamani kwa 1 mpya, tena kuna kikomo cha kiasi cha kubadilisha, mtu aliyeweka akiba ndani ile ya ziada ikawa makaratasi. Bila hao wa sokoni dunia ingejuaje mchele ulivyopaa baada ya pale? Serikali isingetangaza hata iweje.

Mama Mchele, Mbuyuni
Sijasema wasijue. Nimeuliza nani anamtafuta.

Mleta mada
Mama nimesoma swali lako mara tatu, acha niseme kitu ambacho hapo juu nilikiruka. Kwenye lile daftari sikuandika magunia peke yake. Pembeni kabisa kwa kalamu ya penseli nilikuwa naandika namba za pikipiki. Hakuna aliyenituma, nilikuwa naogopa kumhesabu mtu mmoja mara mbili, nikajiona mjanja. Asubuhi wananiachia afande akanirudishia barua, daftari akabaki nalo. Kulikuwa na dogo mmoja alikuwa anapita na mahindi kabla hata jua halijatoka, ananipungia mkono, siku ya pili aliniletea chapati. Nilikaa pale siku kumi zilizobaki na daftari jipya. Hakupita tena.