Naombeni ushauri: Kaka na wifi wananitenga kwa sababu nimechanja korona

Kipepeo wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Matusi sitaki, nimeshatukanwa vya kutosha huko nitokako.

Mimi nilichanja Agosti hii ya 2021, ile chanjo ya Janssen, baada ya kumwona Rais Samia akichanjwa Ikulu. Tangu hapo kwa kaka yangu Kibaha sina amani. Nikienda, wifi ananimiminia chai kwenye kikombe cha plastiki ambacho kinakaa peke yake juu ya friji. Watoto wao walinibandika sarafu ya shilingi 200 begani mbele ya wageni waone kama itanasa, kisa video za WhatsApp kwamba chanjo inatia sumaku mwilini. Ikaangukia kwenye bakuli la mchuzi, kaka akasema sumaku bado haijakolea. Kila kukicha ananitumia sauti za watu wanaodai tuliochanja tumebakiza miaka miwili.

Naishi nao vipi watu hawa? Niache kwenda kabisa? Mama yetu anakaa hapohapo kwa kaka, ana kisukari, na nisipokwenda simwoni.

Babu wa Kitaa
Kaka yako anamsikiliza Gwajima yupi? Dorothy, waziri wa afya, anasema chanjeni, Josephat, askofu na mbunge wa Kawe, anasema msithubutu, mpaka Bunge limemfungia mikutano miwili. Wote Gwajima, wote CCM. Mtu akichanganyikiwa mimi simlaumu.

Mzee wa Pwani
Binti, kwa mwenzio ni kwa mwenzio. Ukipewa kikombe cha plastiki, kunywa, shukuru. Sisi mwaka jana nyumba nzima tulijifukiza. Mkaratusi, mwarobaini, mchaichai, malimao, sufuria inachemka, blanketi juu, hata mjukuu wa darasa la pili aliingia. Jirani yetu ndiye alikuwa anatuletea majani kutoka shambani kwake Mkuranga, mtu mwema sana yule. Na tupo mpaka leo.

Sindano Haiumi
Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni nesi, Februari nilikuwa wodini. Wakati huo ugonjwa hatuutaji kwa jina lake, tunasema "changamoto ya upumuaji". Waliojifukiza walikuwa wengi tu kati ya waliokuwa wanagombea mitungi ya oksijeni.

Kipepeo, umegusia mama ana kisukari ukapita haraka. Wenye magonjwa sugu na wenye miaka 50 kwenda juu ndio waliotakiwa kutangulia. Mama amechanja?

Kipepeo wa Tabata
Swali langu ni kuhusu kaka na wifi. Ya mama tuyaache.

Mwalimu Nairobi
Poleni majirani. Mimi nilidungwa AstraZeneca tangu Machi, sisi walimu tulikuwa kwa kundi la kwanza, na mashemeji walinicheka vibaya sana. Sasa Kagwe, waziri wetu wa afya hapa Kenya, ametangaza kwamba kuanzia Desemba 21 mwaka huu wa 2021, bila cheti cha chanjo huduma za serikali utazisikia kwa redio. Shemeji aliyenicheka zaidi ndiye ananipigia simu kuuliza foleni ni fupi wapi. Dada, vumilia, watakuja wenyewe.

Sindano Haiumi
Kipepeo, bado sijajibiwa.

Kipepeo wa Tabata
Haya. Mama amechanja mwanzoni mwa mwezi huu, tulipokwenda kliniki ya sukari. Kaka hakuambiwa.

Na msiseme nimemlaghai mzee. Mama ndiye aliyemuuliza mhudumu. Rafiki yake wa kwaya walimzika Julai, na tangu siku ile hakuwa sawa. Alivaa miwani, akasoma fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, akasaini mwenyewe. Wifi akaja kuikuta kadi kwenye pochi, kaka akaichukua mpaka leo.

Sindano ya pili ni Alhamisi hii. Nimeshapanga. Nitamwambia kaka kuna kipaimara cha mtoto wa mama mdogo, nimchukue mama Jumatano alale kwangu. Mama mdogo ameshakubali kuitikia akiulizwa. Sioni kosa langu hapo, nataka tu mnishauri nikirudi nikae nao vipi.

Mpima Chai
Nilijua tu. CHAI. Janssen ni sindano moja, ndiyo hizo dozi milioni moja na ushee tulizoletewa Julai. Hiyo ya pili imetoka wapi? Na kipaimara cha Alhamisi ni cha kanisa gani? Mods, hii ipelekeni jukwaa la hadithi.

Babu wa Kitaa
Daah, nilishaanza kumchukia wifi wa watu bure.

Mzee wa Pwani
Ndiyo kazi zao. Wanatunga visa tuone huruma twende kuchanja. Wanalipwa hawa.

Kipepeo wa Tabata
Nani anilipe? Janssen nilichoma mimi. Mama alichomwa Sinopharm, ndiyo iliyokuwepo siku ile. Mtu anasoma nusu halafu ananiita mwongo.

Sindano Haiumi
Mpima Chai, Sinopharm imeingia Oktoba kwa COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Ni dozi mbili, ya pili baada ya wiki tatu hadi nne. Tarehe zake zinakubali.

Kipepeo, mimi niko upande wa mama yako, ila kipaimara sikubaliani nacho. Akitoka kwenye sindano anarudi kulala kwa kaka. Usiku akipata homa au mkono ukivimba, wenye nyumba hawajui amechomwa nini, na huyo ni mtu wa sukari. Halafu Alhamisi si mwisho wa dunia. Dozi ya pili ikichelewa siku kadhaa anachomwa tu akifika, haanzi upya. Kadi isikutishe, nendeni kituo kilekile, kumbukumbu zake zipo.

Kipepeo wa Tabata
Mnaongea kirahisi. Dawa za mama zote ananunua kaka. Mshahara wangu wa dukani unaishia kwenye kodi na nauli. Akisusa, nani atanunua? Ndiyo maana nimechagua njia isiyo na kelele.

Mwalimu Nairobi
Kaka anayenunua dawa kila mwezi anampenda mama yake. Anaogopa tu. Mwache mama aongee naye, mkono ni wake.

Mpima Chai
Sinopharm nimeelewa, samahani dada. Kipaimara cha Alhamisi bado.

Kipepeo wa Tabata
Nimetoka kuongea na mama. Anasema Jumapili wakitoka misa atamwambia kaka mwenyewe, na anataka niwepo. Nitakwenda, hata kwa kikombe cha plastiki. Kaka akikubali sawa. Akikataa, Jumatatu nachukua bajaji mchana kweupe, namfuata mama, tunakwenda. Dawa nitajua huko mbele.

Sindano Haiumi, huko vituoni mnaanza kuchanja saa ngapi?

Sindano Haiumi
Kwetu saa mbili asubuhi. Mje na kadi yake ya kliniki ya sukari, na ale kabisa kabla ya kutoka. Foleni ya Jumatatu ni ndefu.