Mama kasalimia kwa Kiha, karani kacheka na kudai kitambulisho. Tumechoka!

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Juzi nilimpeleka mama ofisi moja hapa Kigoma mjini. Katoka Kasulu alfajiri, kavaa kitenge chake cha kutokea. Alipofika dirishani akafanya alivyolelewa: akainama kidogo, akapiga makofi taratibu, viganja vinagusana tu bila kelele, akasema "Mwidiwe." Kwetu Waha hiyo ni heshima. Hukurupuki ukaanza kumtajia mtu shida zako.

Yule karani kijana akacheka, akamwita mwenzake aje aone. Kisha: "Bibi, wewe wa huku au umevuka mpaka kutoka Burundi?" Akataka kitambulisho cha taifa kabla hajauliza hata kilichomleta. Akakigeuza mbele nyuma, mara mbili. Waliotangulia kwenye foleni hakuna aliyedaiwa kitambulisho! Nyuma yetu watu wakacheka naye.

Nilipomjia juu akasema, "Tulia kaka, utani tu." Utani gani? Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana mpaka msibani, kila mmoja anajua zamu yake itafika. Mama yangu alikuwa na zamu gani pale, wakati shida yake iko mikononi mwa huyo anayemcheka?

Na angemwamkia "shikamoo" asingecheka, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Shikamoo yenyewe ni kumwambia mtu unamshika miguu. Mbona hiyo haimshangazi? Kwake adabu ni ya kwao, ya wengine ni kichekesho.

Eti Kiha kinafanana na Kirundi. Kinafanana, ndiyo, tunasikilizana tangu kabla ya Mjerumani kutia mguu hapa. Mpaka hatukuuchora sisi. Wabelgiji waliishika Kigoma mwaka 1916, na baada ya vita wakagawana na Mwingereza: Urundi ikabaki kwao, Buha, nchi yetu Waha, ikaenda kwa Mwingereza. Leo karani anamuuliza mama yangu kavuka lini.

Na hata angekuwa Mrundi, je? Mrundi hastahili kuitikiwa salamu? Hapa nawasema na Waha wenzangu. Tunaumia kuitwa Warundi, halafu sisi hao hao tunamkejeli mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu kwa Kiswahili chake, na Mkongo akishuka na mzigo bandari ya Kibirizi tunamwita mchawi kabla hajafungua mdomo. Tunalia kwa kosa lile lile tunalowafanyia wengine, na hilo linaniuma kuliko kicheko cha yule kijana.

Dirisha la pili mama hakupiga makofi. Aliificha mikono ndani ya kitenge, akasema "habari" kwa sauti ya chini.

Jana jioni shangazi kaja nyumbani, kapiga makofi mlangoni kama kawaida. Mama kaitikia, lakini kwanza alichungulia nje kuona kama kuna mtu anapita.