Nimeambiwa nipunguze vitamini A, bucha nichukue nyama gani jamani?

MamaJuni_Moro

Habari zenu wadau. Naombeni mwenye uelewa anisaidie maana nimechoka kusimama bucha naangalia nyama kama mgeni. Iko hivi, mwaka jana nilikuwa na hedhi nzito sana sababu ya uvimbe kwenye kizazi, damu ikashuka mpaka 7.2, basi kila mtu kula maini, kula maini, mama mkwe, jirani, mpaka dada wa maabara. Nikala kweli. Robo kilo ya maini ya ng'ombe karibu kila siku, asubuhi na chapati, kama miezi minane hivi, na juu yake kuna mtu akaniuzia vidonge vya mafuta ya ini la samaki akasema vinaongeza kinga, viwili asubuhi viwili jioni. Damu ilipanda sikatai. Ila kuanzia mwezi wa 6 midomo ikaanza kupasuka pembeni mpaka kucheka nashindwa, nywele zinatoka na kitana, kichwa kinagonga kila nikiamka, ngozi ya viganja inabanduka kama nimeungua. Nikapaka kila kitu. Daktari wa tatu ndo akaniuliza mama unakula nini, nikamtajia, akaniandikia vipimo, ini langu limeguswa kidogo na vitamini A iko juu. Kasema acha maini, acha vidonge, kula vyakula vyenye vitamini A kidogo mpaka turudie kipimo baada ya miezi mitatu.

Karatasi aliyonipa ni ya Kizungu na imejaa vitu ambavyo soko la hapa sijawahi kuviona. Mimi nataka vya kwetu: steki, figo, utumbo, moyo, firigisi, kongoro, kuku wa kienyeji, dagaa, sato. Na kinachoninyima usingizi ni damu, uvimbe bado upo sijafanyiwa upasuaji, nikiacha maini si nitarudi kule kule?

Lishe_Dodoma

Pole sana dada, na umpe heko huyo daktari aliyekuuliza unakula nini, wengi hawaulizi.

Nimesomea lishe kwa hiyo ngoja nianzie kwenye shina. Mnyama anaweka akiba ya vitamini A kwenye ini, kama sisi tu. Ndo maana ini la ng'ombe limejaa na nyama ya paja la ng'ombe huyo huyo haina kitu. Gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina kama mikrogramu 5,000 za retino (hiyo ndo vitamini A ya wanyama). Mwanamke mtu mzima anahitaji 700 kwa siku, na kiwango cha juu ambacho usipitilize siku hadi siku ni 3,000. Sasa robo kilo yako ni zaidi ya 12,000, mara nne ya kiwango cha juu, bado hatujagusa vidonge. Mtu akila maini mara moja moja hakuna neno, tatizo ni kila siku kwa miezi minane, kwa sababu haitoki kwenye mkojo kama vitamini C, inakaa kwenye mafuta na kwenye ini lako inarundikana. Kwa hiyo pia usitegemee midomo ipone wiki ijayo, akiba inashuka taratibu.

Bucha sasa. Steki, nyama ya mfupa, mbavu, sarara, nyama ya mbuzi, ulimi, moyo, utumbo, chukua bila wasiwasi, retino yake ni sifuri au karibu na sifuri. Kongoro pia kula. Mapafu yana kidogo sana. Figo ndo kaa nayo mbali kwa hii miezi, siyo kama ini lakini inafika mikrogramu 400 hivi kwa gramu 100. Maini ya aina yoyote hapana, ya mbuzi, ya kuku, ya nguruwe, hata yale mawili ya kuku unayoyakuta ndani ya mfuko na firigisi, maana ya kuku nayo yanapita 3,000 kwa gramu 100. Firigisi yenyewe haina shida. Nyama ya kuku ina retino kidogo sana, hata na ngozi haifiki 50.

Yai moja lina kama 75 na zote ziko kwenye kiini, kwa hiyo yai siyo adui ila usile trei. Samli na siagi punguza.

Halafu usiache mchicha, karoti, maembe na viazi lishe. Hiyo ni karotini, mwili unageuza kiasi unachotaka na kinachobaki haikupi ugonjwa huu, kikizidi sana viganja vinakuwa vya njano basi. Kama daktari wako amesema upunguze hata hivyo msikilize yeye, lakini muulize, usiache mboga kwa kuogopa tu.

Kipchumba_Lodwar

Pole dada. Hapo kwa maini nakuunga mkono Lishe, na nyinyi wa Kenya mnaopitia hapa mkumbuke mutura (ule utumbo unaojazwa nyama na damu), kuna wale wanachanganya maini ndani, uliza kwanza.

Niongezee kitu kimoja. Hii shida si ya jana. Huku kwetu Koobi Fora kando ya ziwa Turkana kulichimbuliwa mifupa ya mtu wa kale, Homo erectus, ya miaka kama milioni 1.6 au 1.7, kwenye miaka ya 1970, namba yake ni KNM-ER 1808, wanasema ni ya mwanamke. Mifupa ya miguu imevikwa tabaka la mfupa usio wa kawaida, na mwaka 1982 wataalamu waliandika kwamba huenda alikula sana maini ya wanyama wala nyama, simba na fisi hivi, maana maini ya hao yanarundika vitamini A. Kuna wengine wanapinga wanasema ulikuwa ugonjwa mwingine. Lakini kilichonigusa mimi ni kwamba kwa hali ile asingeweza kutembea wala kutafuta maji, na damu iliyovujia kwenye mifupa ilishakauka ikawa mfupa, maana yake aliishi wiki au miezi akiwa hivyo. Kuna mtu alikuwa anamletea maji.

AfyaBilaSumu

Mnamdanganya dada wa watu. Vitamini A YENYEWE ni sumu, siyo vitamini, kuna injinia mmoja Kanada ameliandika hili kwa kirefu. Mimi nina miezi 14 nakula wali mweupe, maharage na nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, sili mayai, sili karoti, sili embe, sili mchicha, na ukurutu wangu umeisha. Watoto wangu nao nimewaanzishia. Dada acha yote.

Lishe_Dodoma

@AfyaBilaSumu nafurahi ukurutu umeisha na sina sababu ya kubishana na ngozi yako. Lakini hapo kwenye watoto nakuomba, tena nakuomba kwa dhati, rudi nyuma. Bila vitamini A mtoto anaanza kutoona giza likiingia, anajikwaa jioni ndani ya nyumba anayoijua, halafu macho yanakauka, na surua ikimkuta hivyo inamuumiza vibaya. Yale matone ya kliniki ya kila miezi sita, kidonge cha bluu cha yuniti laki moja kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, chekundu cha laki mbili kuanzia mwaka mmoja hadi asitimize mitano, hayakuwekwa kwa bahati mbaya. Ndo maana pia mafuta ya kupikia ya viwandani Tanzania yanawekewa vitamini A kwa kanuni za tangu 2011, na Kenya walifanya lazima 2012. Aliyezidisha apunguze, mtoto ambaye hajazidisha asinyimwe.

Na MamaJuni mafuta ya kupikia usihangaike nayo, kijiko kimoja cha mafuta yale si robo kilo ya maini.

BintiPangani

Dada yangu wa Moro, wote hapa wanakwambia usile nini, mi nakuja kwenye damu maana ndiyo hofu yako.

BANDAMA. Nenda bucha uliza bandama la ng'ombe. Watu wengi hawalijui, wauza bucha wanawapa mbwa au linauzwa bei ya kutupa. Ni refu bapa kama ulimi, rangi ya zambarau iliyokolea karibu nyeusi, laini ukiligusa kama limejaa maji. Madini ya chuma yaliyomo humo yanapita mbali ya maini, gramu 100 mbichi za bandama zina kama miligramu 44, maini ya ng'ombe hayafiki hata 5! Na vitamini A hamna. Mimi nilikuwa sijui nilisoma baada ya mdogo wangu kuishiwa damu baada ya kujifungua nikabaki nimeduwaa, yaani miaka yote tunalilia maini na dawa inatupwa kwa mbwa. Na hata moyo wa ng'ombe unakaribiana na maini kwa chuma, kama 4.3, na mapafu yanayapita, karibu 8.

Kulipika, bibi yangu alikuwa analitumbukiza kwenye maji ya moto kidogo, anamenya ule utando wa juu, kisu chembamba kinapita chini yake unavuka wenyewe, anakata vipande vya kidole, anaweka tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu nusu saa, halafu kwenye kikaango moto mkali dakika chache tu. Ukizidisha linakuwa kavu linavunjikavunjika. Kwa Waislamu wenzangu wanaoshtuka, hadithi ya damu mbili tulizohalalishiwa mnaijua, ini na bandama, kwa hiyo halina neno. Mwenye gauti au asidi ya yuriki ajihadhari nalo lakini. Na wewe MamaJuni usifanye tena kama maini, mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Chai usinywe na chakula, subiri saa moja au mbili, inazuia chuma. Ndimu kamulia kwenye maharage na mchicha.

Kuhusu samaki, sato na sangara mnofu kula. Ini la samaki wa aina yoyote acha. Huku pwani ini la papa tunatoa sifa, yaani mafuta yake, ya kupaka majahazi, na zamani kabla viwanda havijatengeneza vitamini A yenyewe ilikuwa inatolewa humo humo kwenye maini ya papa na chewa wa Ulaya. Sasa vile vidonge vyako ndiyo ndugu zake. Dagaa wanaliwa mzima na macho na matumbo na humo ndimo inakaa, kwa hiyo ondoa vichwa na matumbo au kula kidogo, usiwafanye mboga ya kila siku kwa sasa.

MamaJuni_Moro

Yaani nimesoma nikarudia. Nashukuruni kwa kweli, hasa hapo kwenye chuma maana nilikuwa naamini damu iko kwenye maini peke yake. Maswali mawili ya mwisho. Daktari kanipa vidonge vya chuma, na nyumbani nina kopo la maltivitamini nilinunua mwenyewe, nimeze vyote? Na tunafikiria mtoto wa pili, tulikuwa tunasubiri ngozi itulie.

Lishe_Dodoma

Vidonge vya chuma alivyokupa daktari endelea. Maltivitamini weka pembeni, geuza kopo usome nyuma, ukiona neno linaloanza na retin- ujue ndo ile ile. Ikiwa ni beta karotini peke yake hiyo ni nyingine.

Kuhusu mtoto hapo naomba usifanye haraka. Retino ikizidi mwanzoni mwa mimba inaweza kumharibu mtoto tumboni, ndo maana Uingereza wanawaambia wajawazito wasile maini kabisa, na dawa za chunusi za jamii hiyo hiyo mtu hapewi mpaka athibitishe hana mimba. Mwambie daktari leo, usisubiri miezi mitatu, akupangie na uzazi wa mpango mpaka kipimo kikae sawa. Na ukianza kuona ukungu au vitu viwili viwili, au kichwa kikizidi na kutapika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

MamaJuni_Moro

Nimempigia, kasema niende Jumatatu na mume wangu. Kopo nimelifungia kabatini.

Leo asubuhi nimeenda bucha la chini kule nikamuuliza bandama, yule kaka akaniangalia akaniuliza mama una mbwa wangapi, nikamwambia la kula. Akalitoa kwenye ndoo chini ya meza, nikamwambia kesho niwekee ambalo halijagusa ndoo, akasema ng'ombe anashushwa saa kumi na mbili nije mapema. Nimechukua na moyo nusu kilo. @BintiPangani hayo maji ya moto yanachemka kabisa au ya uvuguvugu?

BintiPangani

Yanachemka kabisa, dakika mbili zisizidi, litoe likingali jekundu ndani. Utando ukigoma kuvuka lirudishe kidogo.